Mwaka Tulipoacha Masizi Yalale

Siku ya pili ya matanga ya Shangazi Hawa, huko Muyinga, kaskazini mwa Burundi, aliingia chumba cha wanawake mgeni mmoja mwenye miwani na koti la mvua la kijivu. Alivua viatu, akavipanga mlangoni ncha zikitazama nje, akaketi kwenye mkeka karibu yangu. Chai ilikuwa inapita. Wanawake wa Muyinga hawamwachi mgeni anywe chai bila kumhoji, na walimhoji: anatoka wapi, ana watoto wangapi, marehemu alikuwa nani kwake. Alijibu kwa Kiswahili cha watu waliokulia Tanzania. Alisema marehemu alikuwa kama mama yake. Alisema pia kwamba amefanya kazi miaka mingi kwenye meli za watalii, zile kubwa zenye vyumba kama hoteli, na mama mmoja mnene aliyekuwa akimenya ndizi akamuuliza, “Bon, kule kwenye meli ulikuwa unapika ao ulikuwa unaendesha?” Wakacheka. Mgeni naye akatabasamu. “Nilikuwa nafuta masizi, mama.”

Hakuna aliyemwelewa, kwa hiyo akaeleza. Meli ile ilikuwa na bomba la moshi refu kuliko mnara wa msikiti, na injini yake ilikula mafuta mazito kama lami. Upepo ukikaa vibaya moshi haupandi. Unajilaza nyuma ya meli na kushuka. Vyumba vya nyuma kabisa vilikuwa na roshani za kutazamia ile njia nyeupe ya povu ambayo meli huiacha, na abiria walivigombania. Asubuhi wakifungua mlango wa kioo wanakuta punje nyeusi kwenye viti, kwenye meza, kwenye taulo waliyoisahau nje. Bibi mmoja aliacha gauni jeupe la karamu likining'inia kwenye roshani, akalia kama mtu aliyefiwa. “Na kila mfanyakazi mpya anakuja mbio na ndoo ya maji,” mgeni alisema. “Ukitia maji kwenye masizi umetengeneza wino. Brashi kavu kwanza, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Sabuni inakuja mwisho.” Yule mama wa ndizi akatikisa kichwa. “Wazungu walikufundisha vizuri.” Mgeni akaweka kikombe chini. “Alinifundisha huyu mnayemlilia.”

Ndipo nikamtambua. Uso haukunisaidia, maana uso niliokuwa nao kichwani ulikuwa wa msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba, mweusi wa masizi kuanzia kwenye nyusi. Nilitambua namna alivyokuwa akikusanya makombo ya mkate kwenye mkeka kwa ubavu wa kiganja, kavu, akiyavuta kuelekea kwake bila kuyasugua. “Kaneza,” nikasema. “Nilikuwa nangoja uone mwenyewe, Zena,” akajibu, na akanishika mkono. Kwenye mkono ule nilikuwa nimevaa pete ya Shangazi. Tulikuwa tumeitoa kwa sabuni tulipomwosha, mimi na wanawake wawili wa jirani, na kwa kuwa sikujua pa kuiweka niliitia kidoleni. Ilikuwa pete ya fedha, nene, pana, iliyobonyea upande wa kiganjani. Niliijua tangu nilipokuwa msichana, na sikuwahi kujiuliza kwa nini imebonyea.

Nimefanya kazi ya redio karibu maisha yangu yote, na kazi hiyo inamzoesha mtu kuuliza nani alisimama wapi, nani aliona nini kwa macho yake. Mwaka ule wa vita, nilioishi kwa Shangazi huko Gitega, nimeusimulia mara nyingi, na kila mara kwa mpangilio uleule. Nilidhani nimeshaukamilisha. Siku ya matanga nilijua kwamba kuna mahali pamoja sikuwahi kuuliza, kwa sababu mahali hapo palikuwa chini ya kiganja changu mwenyewe.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa katika mtaa wa Waswahili, Gitega, moja ya nyumba chache za ghorofa zilizojengwa zamani na wafanyabiashara wa nguo. Mbele ilikuwa na duka, juu vyumba vya kulala, na nyuma roshani ndefu ya saruji, ambayo wenyewe tuliiita barza ya juu. Barza hiyo ilikuwa na milango miwili. Mmoja ulitoka kwenye ukumbi wetu. Mwingine, mwisho kabisa, ulikuwa wa chumba kidogo ambacho zamani kiliwekwa marobota ya kitambaa. Chumba hicho hakikuwa na njia nyingine ya kuingia wala kutoka. Ukuta wake mmoja ndio uliokuwa ukuta wa chumba cha kulala cha Shangazi, ukuta wa mawe, mnene kiasi kwamba ukiongea upande huu hausikiki upande wa pili. Ukigonga, unasikika kidogo.

Shangazi alikuwa akishona kanzu na kofia, na aliuza bafta nyeupe ya sanda. Mwaka ule bafta ilitoka sana. Adui yake mkubwa alikuwa Papa Riziki, Mkongomani wa Uvira aliyepanga ua wetu wa nyuma na kuweka mashine ya kusaga unga chini ya barza. Walipendana, lakini kila siku waligombana. Injini ilikuwa ya mazutu, yaani dizeli, na mazutu ilikuwa imepotea kwa sababu ya vikwazo vya nchi jirani. Papa Riziki alichanganya alichokipata, mafuta machafu ya magari, mawese yaliyooza, na siku nyingine vitu ambavyo hakutaka kutuambia. Bomba la moshi lilitokea futi chache chini ya sakafu ya barza. Siku za mawese moshi ulinuka kama mtu anakaanga ndizi, na wanawake waliopanga foleni na vikapu vya muhogo mkavu walimeza mate bila kutaka. Lakini hakuna aliyekuwa akikaanga kitu. Harufu ya chakula ilitoka kwenye bomba, na kilichoshuka kutoka kwenye harufu ile kilikuwa cheusi.

“Papa Riziki, unaniulia nguo,” Shangazi aliita kutoka juu.

“Mama Hawa, mi niko nasaga, siko nauwa. Hii mazutu haiko mazutu, iko supu. Uliza serikali.”

“Serikali haiko inakaa chini ya barza yangu.”

Asubuhi zangu zilianza na masizi. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nimepelekwa kwake kutoka Muyinga ili nisikae bure. Alinifundisha kuyaondoa kama mtu anavyofundisha udhu, kwa utaratibu usiobadilika. Kwanza unanyunyiza pumba kavu za mahindi sakafuni. Unangoja pumba zinywe mafuta. Kisha unafagia kwa ufagio laini, kutoka ukutani kwenda ukingoni, bila kukandamiza. Ukingo unaupitia manyoya ya kuku. Nguo huipigi, unaitingisha mara moja na kuipuliza. “Masizi inapendaka maji,” alisema. “Ukiipatia maji inakaa kwako milele. Usiipatie.” Barza yetu ilikuwa safi kuliko zote za mtaa, na Shangazi alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia duka.

Kaneza alikuja katika majira ya mvua. Papa Riziki alimkuta asubuhi moja kati ya magunia ya pumba, amejifunika gunia tupu, na kwa kuwa alikuwa na binti wa umri ule aliyemwacha ng'ambo ya ziwa, hakupiga kelele. Alipanda ngazi akamwita Shangazi. Msichana alikuwa ametembea kutoka kilima kimoja upande wa Makebuko. Nyumbani kwao walikuja watu, akaokoka kwa kuwa alikuwa kisimani, na kutoka kisimani aliwaona usoni. Mmoja wao alikuwa anatembea sasa na watu wa doria katika mtaa wetu. Sitasema walikuwa wa upande gani. Waliokuwepo wanajua kwamba pande zote zilikuwa na watu wa namna hiyo, na mtaa wa Waswahili uliwaficha watu wa pande zote, kila nyumba na wake, bila kuulizana.

Shangazi alimweka kwenye chumba cha mwisho wa barza. Hakuna aliyekitumia tangu mashine ilipokuja, kwa sababu moshi uliingia. Mchana kutwa Kaneza alikaa humo mlango umefungwa. Mashine ikizimwa jioni alivuka barza, akaoga, akala nasi maharage na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kisha akarudi. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache tu, lakini alikuwa mcheshi. Alimwiga Papa Riziki akiitukana injini, mpaka Shangazi akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Asubuhi nilipotoka na pumba zangu nilikuta nyayo zake kwenye masizi, ndogo, peku, zikienda na kurudi. Nilizifagia pamoja na yote mengine. Lilikuwa jambo la kutisha kidogo, kufuta miguu ya mtu ambaye hayupo. Nilikuwa nikianza na kisigino na kumalizia vidole.

Kosa letu lilikuwa usafi. Mkuu wa doria alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vyeupe vya tenisi alivyovipaka chokaa kila siku, na mama yake alisagisha muhogo kwa Papa Riziki. Siku moja alisimama uani akingoja gunia, akainua macho. Nilikuwa juu na manyoya ya kuku mkononi. “Mama Hawa,” alisema, kwa sauti ya mtu anayesifu, “barza zote hapa ziko nyeusi kama chungu. Yenu tu iko safi. Mpaka kule mwisho. Nani anakaaka kule mwisho?” Shangazi alijibu kwamba hakuna mtu, ni tabia yake ya usafi, na yule kijana akasema usafi ni kitu kizuri, akachukua gunia la mama yake na kuondoka.

Shangazi alikaa kitako kwenye ngazi. Akasema, “Kuanzia leo, usifagie.” Nikauliza hata mara moja? “Hata unyoya. Iache ilale.” Tangu siku ile hakuna aliyekanyaga barza. Papa Riziki alitutafutia mwanzi mrefu, tukafunga kikapu kwenye ncha, na kila siku nilisimama kwenye mlango wetu na kukipeleka chakula hewani, juu ya masizi, hadi kwenye kidirisha cha chumba cha mwisho. Mkono ulitoka, ukachukua, ukaingia. Baadaye kikapu kilirudi na kopo lenye kifuniko, nami nililipeleka chooni. Uso wake sikuuona tena. Niliuona mkono tu, na kila siku ulikuwa mweusi zaidi kwenye mistari ya kiganja. Chini yake masizi yaliendelea kulala, tabaka juu ya tabaka, laini, bila alama, hata ya panya, na nilianza kuyaogopa kama watu wanavyoogopa maji yasiyotembea. Ilikuwa kama sakafu imeota manyoya. Shangazi alinifundisha ishara: akigonga ukutani mara tatu kwa kifundo cha kidole, Kaneza anajibu mara tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao ya asubuhi na ya kulala.

Jioni moja radi ilipiga karibu sana, paa likatetemeka, na kabla hatujafikiri mlango wa barza ulifunguliwa na Kaneza akaingia mbio, akajitupa kitandani kwa Shangazi na kujifunika shuka kichwani. Hatukuweza kumkemea. Mvua ilipopungua alirudi. Barza ilikuwa na kipaa juu, mvua haikuingia sana, na asubuhi alama zilikuwepo zote: miguu iliyokimbia kuja, vidole vimechimba, miguu iliyorudi polepole. Ziling'aa kwa weupe wa saruji katikati ya weusi. Hata kipofu angezisoma.

Asubuhi hiyohiyo mwanamke mmoja kwenye foleni ya mashine alimwambia mwenzake, kwa sauti ya kutosha kufika juu, kwamba doria inapekua nyumba za ghorofa, imeanza kona ya juu, na mchana itafika kwetu. Nadhani alikusudia tumsikie. Shangazi alisimama mlangoni mwa barza akiangalia zile nyayo. Kumtoa Kaneza hakukuwezekana. Barabarani kulikuwa na watu wao. Kumweka chumba kingine hakukuwa na maana, kwa sababu walikuwa wakitoboa hadi dari na kumwaga magunia. Kufagia kungekuwa kuwaambia. Nikamwona anafikiri, midomo inatembea. Kisha akashuka uani na kumwita Papa Riziki kando. Nilikuwa kwenye ngazi, nikasikia.

“Ninataka masizi.”

“Unataka nini?”

“Masizi. Mingi. Ya mawese, ile inakamata.”

Papa Riziki alitazama juu, akaelewa, akavua kofia yake. “Mama, mutoto iko mule ndani. Moshi haiko inachagua.”

“Ninajua.”

“Akikufa?”

“Wakimupata atakufa. Wewe washa.”

Alitia kila kilichokuwa na mafuta: mawese mabovu, grisi, mabaki ya kwenye sufuria. Alikata bati, akalikunja, akalifunga kwenye mdomo wa bomba ili moshi upande moja kwa moja kwetu. Shangazi alimwimbia Kaneza maelezo kupitia mlango wetu, kwa Kirundi, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto mchanga: alowanishe kitenge, azibe kidirisha, alale chini. Injini ikakohoa, ikakubali. Na masizi yakaanza kuanguka. Yalishuka kama manyoya ya ndege aliyechinjwa hewani, bila sauti, makubwa, mengine yakiwa yameshikana kama nyuzi. Yaliingia kwenye nyayo kwanza, kana kwamba yalijua. Niliona visigino vinajaa, kisha vidole. Wanawake wa foleni walifunga pua kwa vitenge vyao wala hakuna aliyelalamika wala kuondoka. Waliendelea kumletea Papa Riziki vikapu vyao, na nina hakika siku ile wapo waliosagisha unga uliokwisha kusagwa.

Shangazi alifunga mlango wa barza, akanivuta chumbani kwake. “Weka mukono,” alisema. Niliweka kiganja ukutani. Kwa kelele ya injini hakuna sikio lingesikia kitu. Ilibidi ngozi isikilize. Yeye alisimama ameegemea ukuta huohuo, kando yangu, mikono nyuma kama mama anayengoja kuhudumiwa dukani. Alinifunza nimwambie kila nikihisi. Aligonga tatu kwa kifundo. Nikangoja. Zikaja tatu, laini, kama mtu anapigapiga unga. “Anajibu,” nikasema. Baadaye akagonga tena, na zikaja mbili. Baadaye tena, moja, na nyingine ambayo sikuwa na hakika nayo. Moshi ulikuwa umeanza kupita hata chini ya mlango wetu, na kichwa kiliniuma. Nikasema, “Shangazi, tuzime.” Akabaki ameegemea ukuta. Nikasema kama Kaneza hatajibu tena nitashuka mwenyewe kumwambia Papa Riziki azime. Wakati huo ndipo nilipohisi kwenye kiganja tatu, fupi, kavu, wazi kabisa. “Anajibu,” nikasema. Na tena, baada ya muda: tatu. Na tena. Nilitulia. Nilibaki pale nikihesabu uhai wa mtu kwa mkono, mpaka tuliposikia viatu dukani.

Walipekua chini, wakapekua vitanda, wakachoma dari kwa fimbo. Papa Riziki alizima injini alipowaona wakipanda. Mkuu wao alifungua mlango wa barza mwenyewe. Mimi na Shangazi tulikuwa nyuma yake. Barza yote ilikuwa nyeusi, kutoka ukutani hadi ukingoni, laini kama mgongo wa paka; hapakuwa na unyayo, hapakuwa na kovu. Mwanga wa mchana haukuakisi chochote. Alichuchumaa, akachora mstari kwa kidole, akanusa, akatazama jinsi tabaka lilivyokuwa nene. “Ile siku ilikuwa safi,” alisema.

“Nimechoka kupanguza,” Shangazi alisema. “Kila mutu iko na mwisho.”

Alitazama mlango wa mwisho. Nami nikautazama, na nikaona kitu ambacho nimekiona tena katika ndoto kwa miaka mingi. Mbele ya mlango ule, kwenye mwanya wa chini, masizi yalisogea. Kipande kidogo, upana wa kiganja, kilienda mbele kidogo, kikarudi. Kikaenda, kikarudi. Upepo haukuwepo. Kuna mtu alikuwa amelala upande wa pili, mdomo kwenye mwanya, akivuta hewa yetu na kuirudisha. Nilijua kwa wakati mmoja kwamba yuko hai na kwamba nikimtazama zaidi nitamuua, nikageuza macho nikaangalia zile tenisi nyeupe. Zilikuwa kwenye kizingiti, ncha zikigusa ukingo wa weusi. Hazikusogea. Kisha yule kijana akasimama, akafuta kidole kwenye kanzu iliyokuwa ikingoja vifungo kwenye kiti, na akasema kuwaambia wenzake, “Masizi haisemi uongo. Twende.” Sijui hadi leo kama hakuona, au aliona, au alihurumia viatu vyake. Nimejaribu kila jibu, na kila moja linafaa kwa siku chache tu.

Tulipofungua chumba tulimkuta amelala kiubavu mlangoni. Meno yake tu ndiyo yalikuwa na rangi. Papa Riziki alimbeba hadi ukingoni penye hewa, akamtikisa kama mtu anavyotingisha nguo, na muda mrefu alikuwa mzito kama nguo. Kisha akatapika, akafungua macho mekundu, akasema neno moja: “Amazi.” Shangazi alimnywesha maji kwa kijiko, kidogo kidogo, baadaye maziwa, lakini uso hakumruhusu aunawe mpaka alipomfuta kwa pumba na kitambaa kikavu, shavu kwa shavu, akinung'unika kama anayesoma dua. Baada ya siku chache lori la pumba lilikwenda Muyinga, na Kaneza alikwenda chini ya magunia, Shangazi ameketi mbele na dereva akiwa na bafta mapajani, kama mtu anayepeleka sanda msibani. Kutoka Muyinga mpaka mpakani kulikuwa na watu wa kumpokea. Alivuka, akaingia Tanzania. Shangazi aliporudi hakuniambia zaidi ya hapo, ila kwamba msichana alilala njia nzima.

Nilipoingia kufagia chumba kile niliona sakafu imeandikwa. Kila mahali palikuwa peusi isipokuwa pale alipolalia: bega, nyonga, magoti yaliyokunjwa, umbo la mtu kwa saruji safi. Nilinyunyiza pumba, na Shangazi alinishika mkono. “Hapo acha,” alisema. Akafunga mlango. Mwaka ulipokwisha shule zikafunguliwa, nikarudi Muyinga, na miaka baadaye yeye naye akahamia huko. Nyumba ya Gitega iliuzwa, na sijui aliyeinunua alifanya nini na lile umbo.

Hayo yote nilimsimulia Kaneza mchana wa matanga, wanaume walipokwenda msikitini na wanawake wakahamia jikoni. Tulikuwa katika chumba cha Shangazi cha Muyinga, kitanda chake kimeshafunguliwa na kuegemezwa ukutani. Naye alinieleza kuhusu meli. Alisema kila asubuhi, kabla hajatoka kwenye roshani yoyote ya nyuma yenye masizi ambayo hayajakanyagwa, aligonga kioo mara tatu, hata kama abiria wameshashuka na chumba ni kitupu. Wenzake walimcheka, Mfilipino mmoja alimuuliza kama anawabishia hodi samaki. Hakuweza kuacha. Mguu ulikataa.

“Ni kwa sababu ya zile ulizokuwa unatujibu,” nikasema. “Mpaka mwisho ulijibu.”

Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa nguo, kavu. “Sikujibu mpaka mwisho, dada. Nilijibu mara mbili, tatu hivi. Mkono ulikufa mapema. Nikatambaa hadi mlangoni, na mlango uko mbali na ule ukuta. Nilikaa pale mpaka mliponitoa.”

Nilimwambia haiwezekani. Nilizihisi. Nikamwonyesha kiganja, kana kwamba zimebaki pale.

“Labda ilikuwa injini,” alisema.

Injini haigongi mara tatu na kunyamaza. Nikasimama. Kazi yangu ni kuhakikisha, na sijui njia nyingine ya kuishi na jambo. Nikamwomba aende chumba cha pili, agonge kwa kifundo. Niliweka kiganja ukutani. Zikaja: laini, kama mtu anapigapiga unga. Ndizo zile za kwanza, sikuwa na shaka. Kisha nikasimama kama Shangazi alivyosimama siku ile, mgongo ukutani, mikono nyuma. Pete ilikuwa bado kidoleni, upande wake uliobonyea umegeukia kiganjani. Niliutoa mkono mmoja, nikauweka ukutani kando yangu, kama nilivyouweka siku ile nikiwa msichana. Kwa mkono mwingine, wenye pete, nyuma ya kiuno, nikageuza kiganja na kugonga kwa pete.

Tatu, fupi, kavu, wazi kabisa.

Nilisimama hivyohivyo. Harufu ya ndizi za kukaanga ilikuwa inatoka jikoni, na safari hii kweli kulikuwa na mtu anakaanga. Shangazi alijua ningeshuka kuzima injini. Alikuwa amesikia zile mbili, na ile moja, na baada yake kimya, kwa mgongo wake, kabla yangu. Hakujua kama nyuma ya ukuta kuna mtu au maiti, na aliendelea kugonga kwa niaba yake, muda wote ule, uso umetulia, mimi nikimwambia anajibu, anajibu.

Sauti ya Kaneza ikaja kutoka chumba cha pili. “Zena? Ni wewe umegonga?”

Nilifumba kiganja juu ya pete. Kisha nikasema hapana.